Kata moja inatosha kwa uzamivu?

"Na dunia itafaidika nini na kata yako?"

Swali hilo nimelisikia zaidi ya mara moja kwenye vikao vya kuwasilisha mapendekezo ya utafiti, na kila mara huulizwa kwa tabasamu, jambo linalolifanya liume zaidi. Mwanafunzi wa uzamivu (PhD) wa sayansi ya siasa amesimama mbele. Slaidi yake ya kwanza ina mstari mrefu unaoishia na "mfano wa wilaya ya" mahali fulani. Kabla hajafika slaidi ya pili ukumbi umeshamhukumu: huyu hana nadharia, ana kijiji tu.

Wanaolalamika wana hoja, nisiwapunje. Ukipitia mada za tasnifu za siasa katika vyuo vya Afrika Mashariki utadhani zimefyatuliwa kwenye kalibu moja. Mchango wa hiki katika kile. Changamoto za utawala bora katika halmashauri ya pale. Kenya, tangu kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, ugatuzi umekuwa shamba la wote: badilisha jina la kaunti, acha dodoso kama lilivyo, kazi inasonga. Ajira nayo ina sehemu yake. Wengi wa wanafunzi hawa ni wahadhiri tayari, na mtu mwenye lundo la mitihani ya kusahihisha hawezi kwenda kuishi mwaka mzima Kisangani. Atachagua wilaya anayoweza kuifikia Ijumaa na kurudi Jumapili usiku. Matokeo yake hatujuani. Sijakutana na wengi walioko Dar es Salaam wanaoandika tasnifu kuhusu siasa za Burundi, ingawa tuna mpaka nayo.

Mahmood Mamdani, msomi wa siasa wa Uganda, aliyasema haya kwa ukali alipochukua uongozi wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere mwaka 2010. Kwake, utafiti wa vyuo vyetu ulikuwa umemezwa na kazi za ushauri: mfadhili analeta swali, mtafiti anatafuta jibu, wakati kazi ya chuo ni kuliunda swali lenyewe. Programu ya uzamivu iliyoanza pale mwaka 2012 ilikusudiwa kuwa dawa, miaka mitano, darasani kwanza na uwandani baadaye. Na kama Mamdani hatoshi, atatajwa Ali Mazrui, msomi wa siasa, mtoto wa Mombasa aliyepata uzamivu wake Oxford mwaka 1966 na kuandika kuhusu Afrika nzima bila kuomba radhi kwa wilaya yoyote.

Sawa. Lakini kulaumu swali la kuazima ni jambo moja, na kuidhihaki kata ni jambo jingine, na vikaoni mambo haya mawili huchanganywa kama mchele na chuya.

Mwaka 1968 kijana mmoja wa Sweden, Göran Hydén, aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Lund. Ilihusu nini? Siasa za vijijini, Bukoba. Kichwa chake kilikuwa na maneno ya Kiswahili, TANU Yajenga Nchi, TANU kikiwa chama tawala cha wakati ule. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kutupa, mwaka 1980, hoja ya mkulima ambaye dola haijamtia mkononi, hoja ambayo wanafunzi wa siasa barani bado wanaigombania. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha makala kuhusu wilaya mbili tu za upande wa Ziwa Victoria: Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Aliona kwamba Busia, penye mchanganyiko wa makabila, watu huchangia shule zao kidogo kuliko penye kabila moja. Meatu hakuliona hilo, na maelezo yake yakaelekea kwenye sera za kujenga taifa, Kiswahili kikiwemo. Makala hiyo inatajwa popote panapozungumzwa ukabila na maendeleo. Sijasikia mtu akiuliza dunia imefaidika nini na Meatu.

Wilaya ikisomwa na mgeni huwa nadharia. Ikisomwa na mzaliwa wake huwa "mfano wa".

Kuna takwimu moja ambayo siachi kuizungusha kichwani. Novemba 2019 Tanzania ilifanya uchaguzi wa serikali za mitaa. Vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya uenyekiti wa vijiji. Novemba 2024 upinzani uliingia, huku ukilalamikia tena kuenguliwa, na matokeo yakawa zaidi ya asilimia 98.

Mpe namba hizo mtaalamu wa takwimu aliyeko ofisini, na kompyuta nzuri. Atafanya nazo nini? Kazi yake yote inategemea tofauti: hapa walishinda hawa, pale wakashinda wale, tutafute sababu. Pasipo tofauti, mashine inasaga hewa. Ataandika sentensi moja, kwamba chama kimoja kinatawala, kisha atahamia nchi nyingine yenye namba zinazochezacheza. Ndiyo maana Kenya ina wageni wengi wa aina hiyo.

Sasa shuka kijijini. Vijiji ni zaidi ya 12,000, na katika kila kimoja kuna mtu alitaka uenyekiti akakosa, hata kama wote walivaa kijani cha CCM. Kulikuwa na kura za maoni ndani ya chama. Nani aliongoza kura hizo na bado jina lake likakatwa juu? Nani alipita kwa sababu ukoo wake ndio wenye bonde la mpunga, na nani aliangushwa kwa sababu alishika upande wa wafugaji kwenye mgogoro wa malisho? Balozi wa nyumba kumi alisema nini usiku ule, na kwa nyumba zipi? Fomu ya mpinzani ilikataliwa kwa kosa gani, na kosa hilo hilo lilisamehewa kwa nani? Asilimia 99 ni kifuniko cha chungu, na mwenye kukifunua ni yule anayejua njia ya kwenda kwa mtendaji bila kuuliza. Yaani huyu tunayemcheka. Kadiri namba ya taifa inavyokuwa bapa, ndivyo siasa inavyojificha mahali padogo, na ndivyo tunavyomhitaji mtafiti wa mahali padogo. Na neno lenyewe, uzamivu, limetokana na kuzama. Sijaona mzamiaji anayezamia bahari nzima.

Kuna lugha pia. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapiga kura wake. Chaguzi mbili zilipita chini ya kanuni hiyo kabla Mahakama Kuu haijaibatilisha mwaka 2006. Mabishano yote ya kisheria yalikuwa juu ya wapi ukarimu unaishia na rushwa inaanzia, na jibu la hilo haliko kwenye kamusi. Pilau ya hitima ni takrima? Kanga kwa kina mama waliopika? Nauli ya mgonjwa, iliyotolewa mwaka mmoja kabla ya kampeni na mtu ambaye hakuwa ametangaza nia? Mkazi wa kata anajua ni lini kanga ni kanga na ni lini ni kura, na anajua kwamba jibu hubadilika ukivuka barabara kuingia kata ya pili. Dodoso linalouliza kama umewahi kupokea kitu kutoka kwa mgombea halitakupa hilo. Atakujibu hapana, na kwa hesabu zake hatakuwa amedanganya.

Wakosoaji pia husahau barua. Mwanafunzi hachagui mada peke yake. Anachagua pamoja na kibali, kinachoanzia chuoni, kikapita kwa katibu tawala wa mkoa, kikashuka wilayani, kwenye kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Julai 2018 taasisi ya Twaweza ilitoa maoni ya wananchi yaliyoonyesha kukubalika kwa Rais Magufuli kumeshuka hadi asilimia 55 kutoka 71 mwaka uliotangulia. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania inayotoa vibali vya utafiti, ikaandika kuulizia kibali, na pasi ya kusafiria ya mkurugenzi wa taasisi ikachukuliwa. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kuwabana wanaotangaza takwimu zinazopingana na za serikali, kabla ya kulegezwa mwaka 2019. Aliyekuwa akiandika pendekezo lake miezi ile alielewa. "Utoaji wa huduma za maji katika halmashauri" ni kichwa cha habari kinachochosha, lakini kinapita milango yote mitano, na kisima kikishafikiwa mazungumzo huhamia yenyewe kwa nani ana ufunguo wa pampu na aliupataje. Baadhi ya kurasa kali za siasa nilizowahi kusoma zimelala kwenye sura ya tano ya tasnifu za maji.

Nisichoweza kukitetea ni kata iliyochaguliwa kwa sababu ni nyumbani basi, na swali likachukuliwa kwenye ripoti ya mfadhili. Hapo Mamdani ana haki kabisa. Ila tiba ya swali bovu ni swali zuri, si ramani kubwa. Na pengo la ulinganisho linalolalamikiwa lisigeuzwe kuwa pengo la akili. Namanga iko pande zote mbili za mpaka na wakazi wake wanavuka kila siku. Tasnifu nzuri ya vyama, vibali na kodi ndogondogo inaweza kuandikwa pale na mtu mmoja. Anachokosa ni vibali vya nchi mbili na fedha ya kuishi huko, na kikao hakigawi fedha.

Yule mwanafunzi wa slaidi ya kwanza alirudi muhula uliofuata. Kata ilikuwa ile ile. Safari hii aliuliza kwa nini kwenye vijiji viwili vya kata hiyo, vyote vya chama kimoja, mikutano mikuu ilikuwa imewang'oa wenyeviti wao wenyewe kabla ya muda. Ukumbi ulitulia kidogo. Kisha profesa yule yule akainua kalamu: "Na kata ya jirani, hali ikoje?"

Akajibu kwamba bajeti yake inatosha nauli ya kata moja.