Msibishane juu ya kijana, bishaneni juu ya klabu

Kila mwaka, msimu wa mpira wa Kiaustralia ukishamalizika na bingwa akishatembeza kombe, mashabiki wa klabu zote 18 huingia kwenye msimu wao wa pili. Huu hauna refa wala kipenga. Ni wiki nyingi za kubishana usiku na mchana juu ya swali moja: safari hii tumchukue nani?

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, ni ule mpira wenye umbo la yai, unaochezwa kwenye viwanja vya kriketi, watu 18 kila upande. Ukiupiga katikati ya nguzo mbili ndefu unapata pointi 6, ukipita pembeni kidogo unapata 1. Ligi yake kuu, AFL, hairuhusu klabu kumfuata kijana nyumbani, kumalizana na wazazi na kumsainisha. Kuna drafti. Kila Novemba klabu huchagua kwa zamu miongoni mwa vijana, wengi wao wakiwa wanaofikisha miaka 18 mwaka huo, na timu iliyoshika mkia ndiyo huanza. Utaratibu huu ulianza 1986. Kijana hana kauli. Aliyekulia Perth anaweza kutajwa na klabu ya Brisbane, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka kwa mama yake, na akatakiwa kuhamia huko mara moja.

Mabishano yenyewe ni matamu, na mimi ni mmoja wa wanaoyapenda. Kuna kambi ya "mchukue aliye bora, mengine tutajua mbele," na kuna kambi ya "sisi hatuna beki mrefu, viungo tunao tele, tufanye nini na kiungo mwingine?" Kuna wanaohesabu sekunde za mbio za mita 20 na muda wa kilomita 2. Kuna walioangalia kila mechi ya mashindano ya taifa ya vijana chini ya miaka 18 na wanajua mguu gani wa nani ni dhaifu. Ujuzi huu ni wa kweli na nauheshimu. Ila wakati mwingine, ukisikiliza jinsi urefu, uzito na kifundo cha mguu vinavyojadiliwa, unaweza kudhani uko kwenye mnada wa ng'ombe.

Kinachonisumbua ni kwamba mjadala wote humhusu kijana. Anafaa au hafai? Ana moyo au hana? Ni mara chache mno kumsikia shabiki akiuliza juu ya nyumba anayopelekwa: nani atamfundisha, wakubwa wake chumbani ni akina nani, atapangwa mechi ya kwanza lini na kwa sababu gani. Naamini kwa dhati kwamba maswali haya yana uzito kuliko tofauti kati ya namba 1 na namba 3 kwenye drafti, na ushahidi wangu mkubwa ni klabu ya Melbourne.

Mwaka 2008 Melbourne, klabu iliyoanzishwa 1858, ilimaliza ya mwisho. Ikapata chaguo la kwanza na kumtaja Jack Watts, mshambuliaji mrefu mwenye mguu wa dhahabu. West Coast, klabu ya Perth, waliofuata, wakamtaja Nic Naitanui, kijana wa hapohapo Perth mwenye asili ya Fiji, mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili na anayeruka kuliko wote. Tangu siku hiyo mashabiki wa Melbourne hawakuacha kupima mmoja kwa mwingine.

Juni 2009, kwenye sikukuu ya kuzaliwa Malkia, Melbourne walikutana na Collingwood, mechi inayojaza watu uwanja wa MCG. Klabu ikaamua hiyo ndiyo iwe mechi ya kwanza ya Watts. Alikuwa bado mwanafunzi, mwaka wake wa mwisho shuleni. Alipoushika mpira mara ya kwanza, wachezaji kadhaa wa Collingwood walimvaa kwa pamoja wakamwangusha chini. Tukio lile lilimfuata miaka yote aliyocheza, kama ushahidi kwamba ni laini. Mimi naliona kama ushahidi juu ya watu wazima waliokaa ofisini wakaona ni sawa kumtoa mtoto wa shule mbele ya umati ule, ndani ya timu inayofungwa kila wiki, kwa sababu mashabiki walikuwa na njaa ya kumwona.

Na njaa hiyo ilikuwa yetu. Siwaachii viongozi peke yao mzigo huu.

Msimu huohuo wa 2009 ulikuwa mbaya kwa namna nyingine pia. Wakati ule klabu iliyokuwa hoi misimu miwili mfululizo ilipewa chaguo la nyongeza, hata kabla ya raundi ya kwanza. Melbourne walishinda mechi 4 tu na wakapata chaguo la 1 na la 2 kwa pamoja. Kulikuwa na mashabiki waliokuwa wakiomba timu yao ifungwe, maana kila ushindi ulikuwa unahatarisha kijana wa mwaka ujao. Ligi ilikuja kuchunguza kama klabu ilijifungisha makusudi. Mwaka 2013 ilisema hilo halikuthibitika, lakini ikaitoza klabu faini ya dola 500,000 za Australia na kuwafungia kocha wa wakati ule na kiongozi mwingine kwa mwenendo wao. Hebu fikiria wachezaji wakubwa waliokuwa wakivaa jezi ile, wakisikia jukwaa lao wenyewe likisikitika wakishinda. Hawa ndio waliotegemewa kuwafundisha vijana wapya namna ya kushindana.

Namba 1 alikuwa Tom Scully, namba 2 Jack Trengove. Richmond, wenye namba 3, wakamchukua Dustin Martin.

Julai 2011, vijana hawa wakiwa kwenye msimu wao wa pili, Geelong waliwapiga Melbourne kwa tofauti ya pointi 186. Kocha akafukuzwa. Mwisho wa mwaka Scully akahamia GWS, klabu mpya ya Sydney iliyokuwa na fedha, na akaitwa msaliti. Trengove alibaki, na kwa kubaki kwake akavikwa unahodha mwenza akiwa na miaka 20, kijana kuliko nahodha yeyote katika historia ya ligi hiyo. Baadaye mfupa wa mguu ukamwangusha. Martin, yule namba 3, alichukua medali ya Brownlow ya mchezaji bora wa msimu 2017 na akawa mchezaji bora wa fainali kuu mara tatu: 2017, 2019 na 2020.

Hapa ndipo mashabiki husema, "Mnaona? Tulichagua vibaya." Mimi nasema subirini kidogo, kwa sababu katika drafti hiyohiyo ya 2009, Melbourne walimtaja mtu mwingine kwenye namba 34. Jina lake Max Gawn. Magoti yalimsumbua, ikapita miaka kabla hajajihakikishia nafasi, na hakuna aliyekuwa akimzomea kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtazama. Alipofika wakati wake, klabu ilikuwa imebadilika. Paul Roos alikuja kuinoa timu kuanzia msimu wa 2014, kazi yake ya kwanza ikiwa kuwafundisha watu kutofungwa hovyo. Mwisho wa mwaka huo walimtaja Christian Petracca kwenye namba 2. Kabla hata hajacheza mechi moja, goti lake likakatika, na msimu wote wa 2015 akaukosa. Safari hii hakuna aliyemharakisha. Mwaka 2021 Melbourne walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1964. Petracca alikuwa mchezaji bora wa fainali. Nahodha aliyenyanyua kombe alikuwa Gawn, wa namba 34.

Watts hakuwepo. Mwaka 2017, kwenye sikukuu ileile na dhidi ya Collingwood walewale, alifunga goli lililowapa Melbourne ushindi dakika za mwisho. Ulipoisha msimu wakamwachia Port Adelaide kwa kubadilishana na chaguo la drafti. Huwa nakasirika nikisikia jina lake likitajwa kama mfano wa kijana aliyefeli. Alicheza chini ya makocha waliokuja na kuondoka, kila mmoja akimtaka awe kitu kingine, na bado akadumu kwenye ligi zaidi ya miaka kumi.

Najua nitajibiwa na mwaka 2004. Richmond, wakiwa na chaguo la 4, walimchukua Richard Tambling kutoka Northern Territory. Hawthorn, wenye la 5, wakamchukua Lance Franklin, ambaye alikuja kufunga magoli zaidi ya 1,000. Sawa. Vipaji havilingani, na wasaka vipaji wa Richmond siku ile walikosa shabaha. Lakini tazama nyumba alizoingia kila mmoja. Hawthorn siku hiyohiyo walichukua pia Jarryd Roughead na Jordan Lewis, wakawakuza watatu pamoja chini ya kocha mmoja, Alastair Clarkson, na mwaka 2008 wote watatu wakawa mabingwa. Tambling alicheza mechi 108 akiwa Richmond, na kila mechi ilipimwa kwa magoli ya mtu mwingine aliyekuwa akicheza uwanja mwingine. Kosa lilikuwa la waliomchagua. Aliyelilipia ni yeye.

Wapo pia wanaolalamikia watoto wa wachezaji wa zamani. Kanuni inasema kwamba baba akiwa amecheza mechi 100 au zaidi kwa klabu, klabu hiyo ina haki ya kwanza kwa mwanawe, ikilipia kwa machaguo mengine. Ndivyo Nick Daicos alivyokwenda Collingwood 2021 na Will Ashcroft akaenda Brisbane 2022. Malalamiko yana msingi, kwa sababu timu kubwa zinapata vijana wa juu bila kushika mkia. Lakini wanaolalamika hawaulizi kwa nini vijana hawa huchanua mapema hivyo. Daicos alipoingia, kaka yake alikuwa tayari yumo kikosini, na milango ile aliijua tangu utotoni. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa. Ashcroft amekuwa mchezaji bora wa fainali kuu mara mbili mfululizo, 2024 na 2025. Damu inasaidia, sikatai. Kuingia mahali ambapo watu wanakufahamu na wanakutakia mema kunasaidia zaidi ya tunavyokubali.

Brisbane haohao waliwahi kuonja upande wa pili. Mwisho wa 2013 vijana wao watano waliowachagua kwenye drafti waliomba kuondoka kwa mkupuo. Mmoja wao, Elliot Yeo, alikwenda West Coast na mwaka 2018 akawa bingwa. Kipaji alikuwa nacho siku zote.

Na kwa sisi wa Afrika Mashariki yupo Aliir Aliir, aliyezaliwa 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Alifika Australia akiwa mtoto, akaanza mchezo huu kwa kuchelewa. Sydney walimchagua 2013 kwenye namba 44. Hakucheza timu kubwa hadi 2016. Miaka hiyo yote ya kusubiri, kwa kijana wa namba 1, ingekuwa kashfa na kelele kila wiki. Kwake ilikuwa shule. Mwaka 2021, akiwa na Port Adelaide, alitajwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Vijana wengi wenye asili ya Sudan Kusini sasa wanatajwa mapema kuliko yeye. Mac Andrew alikwenda Gold Coast kwenye namba 5 mwaka 2021, na ninaomba wapewe subira ileile aliyopewa Aliir.

Nimeitaja Gold Coast. Iliingia ligi 2011 ikiwa imerundikiwa vijana bora wa nchi nzima. Mashabiki wake walijua kila jina na kila kipimo. Ikachukua hadi 2025 kucheza mechi yake ya kwanza ya mtoano. Katikati hapo wachezaji walikuja na kuondoka, na mwisho wa 2018 manahodha wake wawili, Tom Lynch na Steven May, waliondoka kwa pamoja. Wote wawili wakaenda kuwa mabingwa kwingine. David Swallow, namba 1 wa mwaka 2010, alibaki miaka yote hiyo.

Mwaka 2028 inatarajiwa kuingia klabu ya 19, ya Tasmania, na tayari watu wanabishana ni vijana gani ijengwe juu yao. Mashabiki wa Tasmania wamesubiri muda mrefu mno, na furaha yao ni haki yao. Ningependa tu wawatoe jasho viongozi wao kwa majina mengine: ni wachezaji gani wa miaka 28 na 30 watakaokuja kuchukua vipigo vya miaka ya mwanzo badala ya watoto, na ni nani atakayempokea kijana wa Darwin, kule kwenye joto la kaskazini, atakaposhuka Hobart, mji mkuu wa Tasmania, katikati ya baridi. Mpaka majina hayo yajulikane, sioni cha kubishania kuhusu namba 1 wao.