Nailoni ya wanga iliyotiwa katani: ianzie kwenye kiriba, rambo baadaye

Chukua wanga wa muhogo, koroga na maji na gliserini kidogo ile ya duka la dawa, pika mpaka uji ung'ae, mwaga kwenye sinia uwe mwembamba halafu acha siku mbili tatu. Utabandua kitu kama nailoni kabisa, kinapitisha mwanga na kinakunjika. Mi nimefanya hivyo mara kadhaa na kila mara nakwama palepale, siku za mvua kinalegea kama ngozi ya juu ya maziwa, ukikishika kinakubakia mkononi, na likija jua kali la wiki moja kinavunjika kama jani kavu la mgomba.

Sasa huo ndio ugonjwa ambao nanoselulosi, yaani vijiti vidogo mno vya selulosi, inatakiwa kuutibu. Selulosi ndiyo inayofanya shina lisimame, ipo kwenye pamba, kwenye bua la mahindi, na kwa wingi sana kwenye katani, yaani nyuzi za mkonge. Ukizilowesha nyuzi zilizosafishwa kwenye asidi ya salfuriki kali, kwenye maabara wanatumia kama asilimia 64 kwa joto la nyuzi 45 hivi, sehemu laini zinayeyuka na vinabaki vijiti vigumu vyenye upana wa nanomita 5 hadi 20, wakati unywele wa kichwani una kama 80,000. Ukichanganya kidogo tu kwenye ule uji, gramu moja hadi tano kwa kila mia ya wanga, vinashikana na wanga kama fito ndani ya ukuta wa udongo, nailoni inakuwa ngumu zaidi kuchanika na maji yanapata shida kupenya kwa sababu njia imekuwa ya kuzungukazunguka. Hilo limepimwa mara nyingi, siyo porojo. Ila ukizidisha vinagandana mabonge na nailoni inarudi kuwa dhaifu, halafu hata ukipatia kipimo inavutika kidogo kuliko mwanzo, yaani unapata ugumu unapoteza ulaini.

Kwangu mimi jambo hili lina uzito wake kwa sababu ya Tanga. Mkonge uliletwa Tanganyika 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kufikia 1964 nchi ilikuwa inazalisha kama tani 230,000 za katani kwa mwaka, halafu ikaja kamba ya plastiki ya bei rahisi, ukaongezea na mashamba kutaifishwa 1967 na usimamizi ukayumba, zao likaporomoka. Plastiki imechangia kabisa kuua mashamba yale, kwa hiyo kusikia kwamba uzi uleule unaweza kurudi kuipa nguvu nailoni inayooza, nakiri moyo unadunda. Na tena kwenye jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito, kilichobaki kinamwagwa nyuma ya korona, ile mashine ya kukwangua nyuzi kwenye jani, na humo zimo nyuzi fupi ambazo hazifai kamba lakini kwa kazi hii ufupi siyo tatizo. Japo usidhani mabaki yale hayana mwenyewe, Hale, hukohuko Tanga, walishajenga mtambo wa kuyageuza kuwa gesi na umeme.

Upande wa pili lazima tuuseme kwa sauti ileile. Ile asidi inakwenda wapi? Kuiosha itoke kwenye nyuzi kunataka maji mengi sana na siku kadhaa, na hayo maji yakiingia Mto Pangani bila kusafishwa tumebadilisha uchafu kwa uchafu. Kuna njia ya kusaga kwa mashine bila asidi, lakini mashine za mwanzo zilikula zaidi ya uniti 20,000 za umeme kwa tani moja, na ingawa kutanguliza vimeng'enya kumeshusha sana hesabu hiyo, bado siyo kazi ya kikundi cha kijijini. Na unga mkavu wa vitu vidogo hivyo ukiuvuta puani kila siku ni hatari kwa mfanyakazi, lazima avae barakoa ya maana. Tukiishia kuuza katani ghafi nje halafu tunanunua nanoselulosi iliyokaushwa kwa dola, basi ni ile biashara ya mkoloni imerudi.

Kitu kingine kinachonisumbua ni neno lenyewe, "inayooza". Inaoza wapi? Nyingi ya zile zinazoitwa hivyo ni PLA, plastiki inayotengenezwa kwa sukari ya mahindi, kiwanda kikubwa kipo Blair, Nebraska, kule Marekani, na ili ioze vizuri inataka mboji ya kiwandani yenye joto karibu nyuzi 58. Dampo la Pugu Kinyamwezi kule Dar siyo mboji ya kiwandani, na mtaro wa Jangwani ndio kabisa. Kuitia nanoselulosi hakubadilishi hilo, plastiki ngumu kuoza inabaki ngumu kuoza ikiwa na nguvu zaidi. Ya wanga inaoza kwenye udongo wa kawaida tu, kwa hiyo mtu akikuletea nailoni ya mimea usianze kuuliza imeimarishwa na nini, uliza kwanza iliyoimarishwa ni nini.

Halafu sitaki waanze na rambo, ule mfuko wa kubebea. Zanzibar walipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, Kenya Agosti 2017, Tanzania bara Juni 1, 2019, na tulivyoona hapa bara wauzaji walihamia vile vifungashio vyepesi vya kuonyesha ndani wakavifanya mfuko wa kubebea nyanya, mpaka NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakaanza kuwakamata 2021. Leo ukiruhusu rambo linalooza, afisa pale Kariakoo atalitofautishaje kwa macho na la polithini? Atakayefaidi ni mwenye polithini.

Kiriba, kile kimfuko cha kuoteshea mche, ni kitu kingine kabisa. Viriba vyeusi vya miche havikuguswa na ile marufuku, na ukitembea shamba jipya la korosho au miti ya mbao unakuta vimechanwa vimeachwa juu ya udongo, vingine vimefukiwa na mche mizizi imejikunja humohumo kama konokono. Kiriba hakihitaji kuvutika wala kung'aa, kinahitaji kustahimili maji asubuhi na jioni miezi minne halafu kife. Wanga peke yake hauwezi, unalegea wiki ya kwanza. Hapo ndipo vile vijiti vya katani vina kazi halali, na hata ule ubaya wake, kwamba kuzuia maji kunaweza kuchelewesha kuoza, unageuka kuwa ndicho unachokitaka. Kenya Joseph Nguthiru na HyaPak yake wameshaingia njia hiyo kwa gugumaji la Ziwa Naivasha, wanatengeneza vifungashio vya miche.

Bei itakuwa juu kuliko kiriba cheusi, hilo halina ubishi. Lakini mwenye kitalu anakipanda na mche bila kuchana na bila kuvunja mizizi, na hiyo faida inahesabika shambani. Mi nataka mtu apange viriba mia vya namna hiyo kitaluni Muheza pembeni ya mia vyeusi, amwagilie vyote sawasawa, apande vuli, halafu baada ya masika achimbue tuone mizizi imepita au haijapita.