Mbunge naye alete jirani

Nilipompeleka mwanangu kuandikishwa shule hapa Minnesota, karani alitaka mkataba wa nyumba na bili ya stima. Vyote viwili vilikuwa kwa jina la shemeji yangu, kwa kuwa tulikuwa bado tunakaa kwake. Nikarudishwa. Kesho yake shemeji alikosa kazi asubuhi nzima ili aje aseme, huyu ni wetu, analala kwangu. Ndipo mtoto akapokelewa.

Karani yule alinijia akilini Desemba 2024. Jaji aliamua kwamba Curtis Johnson, aliyekuwa amechaguliwa mwezi mmoja tu kabla yake kuwakilisha eneobunge la 40B katika Bunge la Wawakilishi la jimbo kwa tiketi ya Democrat, hakuwa mkaazi wa huko. Katiba ya Minnesota inataka mbunge wa jimbo awe ameishi katika eneobunge lake miezi 6 kabla ya uchaguzi. Johnson alipanga nyumba Roseville, lakini mahakama iliona makao yake ni pale pale Little Canada, mji wa jirani.

Kuna wanaosema alishinda kwa kura nyingi, kwa hiyo wananchi walishaamua. Sikubaliani nao. Waliamua wakiamini kwamba ni mwenzao.

Na tazama gharama yake. Bunge hilo lilikuwa sare, Democrat 67 kwa Republican 67. Johnson alipojiondoa, Republican wakabaki na kura moja zaidi, na Democrat wakasusia vikao zaidi ya wiki 3 ili akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili kikao kiwe halali, isitimie. Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua kwamba akidi ni 68, na Democrat wakarudi mwanzoni mwa Februari baada ya pande mbili kukubaliana kugawana madaraka. Sisi Wakenya wa huku tulikuwa tumesherehekea kuchaguliwa kwa Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, na muhula wake wa kwanza ukaanza na mvutano huo. Watu wa 40B walikaa bila mwakilishi hadi uchaguzi mdogo wa Machi 11, 2025.

Suala la marupurupu ya wabunge, yaani posho za safari na malazi, nalo linarudi pale pale: ulilala wapi? New York, William Scarborough, mbunge wa Queens, alikiri hatia mwaka 2015 kwa kudai fedha za safari za Albany, makao makuu ya jimbo hilo, kwa siku ambazo hakwenda. Hata hivyo siungi mkono wanaotaka posho zifutwe. Hapa Minnesota, mbunge wa Moorhead yuko zaidi ya kilomita 350 kutoka St. Paul, bunge linakokaa. Mnyime pesa za malazi, na kiti hicho kitabaki cha matajiri na wastaafu. Muuguzi au dereva wa lori hatakigusa kamwe. Alipwe, ila alete risiti, na anwani anayodai posho iwe ile ile aliyoapia alipogombea.

Minnesota ina utaratibu mzuri sana kwa mpigakura. Ukienda kujiandikisha siku ya uchaguzi bila karatasi ya kuthibitisha makazi, mpigakura mwenzako wa kituo hicho anaweza kuapa kwamba unaishi hapo. Ni kile kile alichonifanyia shemeji. Nataka mgombea naye, pamoja na mkataba na bili, alete majirani wawili watatu waape kwamba humwona asubuhi akitoa takataka na jioni akiegesha gari, na waape mapema, kabla karatasi za kura hazijachapishwa.