Thamani ya Mjukuu wa Pangani

Maji yakikupwa katika ufukwe wa Pangani, mkoani Tanga, utaona minazi ambayo mawimbi yameila chini hadi mizizi imebaki nje, mingine imekwisha kulala kuelekea baharini. Mbele yake kuna Maziwe, kisiwa kilichokuwa na miti na mazalia ya kasa katika karne iliyopita, ambacho leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Ukataji wa miti ulichangia kukimaliza, kwa hiyo si haki kuibebesha bahari lawama yote. Hata hivyo bahari inapanda kwa kuwa hewa ukaa inayotokana na kuchoma mafuta, makaa na kuni huongeza joto la dunia, na swali la nani alipe, tena kiasi gani, ili kuwakinga watakaoishi hapa baada yetu haliepukiki.

Wanauchumi hulijibu kwa kutumia kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo thamani ya faida au hasara ya baadaye hupunguzwa kwa kila mwaka unaotutenganisha nayo. Tuchukue hasara ya shilingi milioni 100 itakayotokea baada ya miaka 100. Kwa kiwango cha asilimia 1.4, leo hasara hiyo huhesabiwa kuwa takribani shilingi milioni 25; kwa asilimia 5, haifiki hata laki nane. Bahari ni ileile na nyumba zitakazobomoka ni zilezile.

Asilimia 1.4 ndiyo iliyotumika katika ripoti kuhusu uchumi wa mabadiliko ya tabianchi ambayo mwanauchumi Nicholas Stern aliiandalia serikali ya Uingereza mwaka 2006, akishikilia kwamba kuchelewa kuzaliwa hakumpunguzii mtu haki yake. William Nordhaus wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2018, alimpinga: kwa maoni yake kiwango kinapaswa kulingana na faida ambayo mitaji huleta sokoni, kwa sababu fedha inayozaa zaidi kwingine, katika elimu au viwanda, huenda ikawafaa zaidi hao hao wajukuu.

Hoja hiyo isipuuzwe, hasa na sisi. Mama anayekaanga samaki katika soko la Deep Sea, Tanga, hununua kuni za leo kwa fedha aliyoipata asubuhi ya leo. Kumtaka ahamie kwenye gesi kwa ajili ya watu wa karne ijayo, ilhali mahitaji ya shule ya mwanawe hayajatimia, ni kumtaka maskini amkopeshe mtu ambaye huenda atakuwa na uwezo kumshinda yeye.

Lakini hapa mambo mawili huchanganywa. Kupunguza thamani ya shilingi ya baadaye kwa sababu atakayeipata atakuwa tajiri ni jambo linaloeleweka. Kumpunguza mtu mwenyewe kwa sababu tu hajazaliwa, mimi siwezi kulikubali, na Frank Ramsey, mwanahisabati wa Uingereza, alikwisha kulikataa tangu mwaka 1928. Hata huo utajiri unaotarajiwa ni wastani wa dunia nzima. Mjukuu wa mvuvi wa Pangani aliyepoteza kiwanja hafidiwi na kipato kilichoongezeka katika nchi nyingine, isipokuwa mtu amletee. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ukuta ujengwe kwa fedha ya nani, na Tanzania imechangia sehemu ndogo mno ya hewa ukaa iliyoko angani.

Soko likiachiwa kupanga thamani, halipunguzi wajukuu peke yao. Katika maandalizi ya ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi iliyotoka mwaka 1995, wanauchumi walikadiria uhai wa mtu wa nchi tajiri kuwa dola milioni 1.5, na wa nchi maskini dola 150,000, kwa kuwa walipima uwezo wa kulipa. Wawakilishi wa nchi zinazoendelea walipinga, na nadhani walikuwa na haki kabisa, ingawa kipimo hicho kilifuata kanuni za kawaida za fani yenyewe.

Mgogoro huo ungalipo. Mwaka 2023 shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilikadiria hasara ya tani moja ya hewa ukaa kuwa dola 190, kwa kutumia punguzo la asilimia 2 na kuhesabu madhara ya dunia nzima. Miaka michache kabla yake, serikali iliyotangulia ilikuwa imetumia kati ya dola 1 na 7, kwa viwango vya asilimia 3 na 7, na kwa kuhesabu madhara ya ndani ya Marekani tu. Katika hesabu hiyo, mnazi unaoanguka Pangani, pamoja na aliyeupanda, thamani yake ilikuwa sifuri.