Tulikuwa na Madden na 2K, tukabaki na Madden

Gemu ya futiboli ya Kimarekani inayonifaa mimi ilitoka Julai 2004. Iliuzwa dola 20 ikiwa mpya, na walioitengeneza hawakuweza tena kutoa nyingine yenye timu za kweli za NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Inaitwa ESPN NFL 2K5. Niliipata kwenye duka la vitu vilivyotumika hapa Columbus, Ohio, pamoja na PlayStation 2 ambayo waya wake wa umeme ulikuwa umezungushiwa gundi ya utepe. Kwenye rafu hiyo hiyo ilikuwapo Madden NFL 2005, mpinzani wake wa mwaka ule ule. Nikazichukua zote mbili, na tangu siku ile sijaacha kuzilinganisha.

Mimi si mchezaji wa kukesha. Nafanya kazi zamu ya usiku, na gemu huzipata saa mbili kwa wiki, Jumamosi, nyumbani kwa dada yangu. Mpinzani wangu ni mwanawe wa miaka 15. Yeye kazaliwa hapa hapa na mchezo huu anaujua kama anavyoijua njia ya kwenda shule. Mimi nimekulia Mombasa, na mpira niliokuwa nikiujua ni ule wa miguu. Kwamba timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kwamba jaribio la nne aghalabu mpira hupigwa mbali ili kumpa mpinzani safari ndefu, kwamba kwotabeki, yule anayerusha mpira, ana sekunde chache tu kabla ukuta wa wenzake wanaomkinga haujabomoka, hayo yote nilifunzwa na gemu. Ndiyo maana naipima kila gemu kwa jambo moja: inanifunza au inanichanganya? Mtu wa saa mbili kwa wiki hana muda wa kukariri mamia ya mipango ya uchezaji.

Waliokulia kwenye mabanda ya pleisteshen watanielewa upesi nikitaja gemu za mpira wa miguu, Winning Eleven na FIFA. Tuligawanyika kama mashabiki wa Gor Mahia na Ingwe, watani wa jadi wa Kenya. FIFA ilikuwa na jezi halisi na majina halisi. Winning Eleven ilikuwa na timu iitwayo Merseyside Red, ambayo kila mtoto alijua ni Liverpool, lakini mpira ulitii mguu kwa namna ambayo ilikufanya usahau jina. Kila mwaka mmoja aliiba jambo zuri la mwenzake. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, ndivyo tulivyofundishwa. Katika vita hivi nyasi zilinawiri.

Futiboli ya Kimarekani nayo ilikuwa na fahali wake wawili. Madden ndiyo kongwe. Ilianza mwaka 1988 kwenye kompyuta ya Apple II, ikiwa na jina la John Madden, kocha aliyeipa Oakland Raiders ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, Januari 1977. Watengenezaji walitaka kupunguza wachezaji uwanjani kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu. Yeye akakataa. Ama 11 kwa 11, ama hakuna jina lake. Aliiona gemu kama chombo cha kufundishia mchezo, na kwa msimamo ule namheshimu hadi leo, ingawa gemu ninayoipenda zaidi si yake.

NFL 2K ilizaliwa mwaka 1999 kwa sababu ya pengo. Sega walikuwa wakitoa mashine yao ya Dreamcast, na EA, wenye Madden, wakaamua kutoitengenezea gemu. Sega wakaipa kazi studio yao, Visual Concepts, na ikatoka gemu iliyowashtua watu wote. Mwaka uliofuata, 2000, NFL 2K1 ikawawezesha watu kucheza wao kwa wao kupitia intaneti, wakati wengi wetu tulikuwa hatujaigusa hiyo intaneti.

Basi turudi 2004. Bei ya 2K5 ilikuwa dola 20, na ya Madden dola 50. Kabla mwaka haujaisha Madden ikashushwa hadi karibu dola 30. Kwa familia yenye mshahara mmoja, tofauti hiyo ni viatu vya mtoto.

Lakini sikuipenda 2K5 kwa urahisi wa bei. Niliipenda kwanza kwa jinsi mkimbiaji anavyokimbia. Katika Madden 2005 nilizoea kumchukua mkimbiaji na kumpeleka pembeni kwa kasi, nikitumaini. Katika 2K5 kukimbia hovyo kunakuadhibu. Unamfuata mwenzako mkubwa anayekukingia njia, unasubiri mlango ufunguke kati ya miili miwili, kisha unapenya. Baada ya mechi kama kumi hivi nilitazama mchezo wa kweli kwenye televisheni na kwa mara ya kwanza nikauona ule mlango kabla haujafunguka. Gemu ilikuwa imenifungua macho, na hilo halikuandikwa popote kwenye maelekezo yake.

La pili ni mapumziko. Inapofika nusu ya mchezo, Chris Berman, mtangazaji wa televisheni ya michezo ya ESPN, anatokea kwenye skrini na kuonyesha vipande vya mechi yenu. Siyo vipande vilivyoandaliwa, ni vile mlivyocheza ninyi dakika chache zilizopita. Ule mpira niliourusha ukanyakuliwa, naurudia kuuona nikiwa nimetulia, na naona kwamba mlinzi wa nyuma alikuwa amesimama pale tangu mwanzo. Wapo wanaoyaita mambo hayo mapambo. Kwangu yalikuwa mwalimu anayerudisha daftari lililosahihishwa.

Sitaidhulumu Madden 2005. Kwenye ulinzi ilikuwa mbele. Mwaka ule walileta Hit Stick, yaani unasukuma kijiti cha kulia kwa wakati sahihi na mlinzi wako anamgonga mwenye mpira kwa nguvu zake zote. Ukikosea wakati, anapita na umebaki unakumbatia hewa. Ni jambo ambalo kidole kinalielewa kabla ya akili, na mgeni hulifurahia dakika ya kwanza. Tena kulikuwa na ile sehemu ya kumwomba John Madden mwenyewe akuchagulie mpango. Mimi niliitumia sana, na sioni haya. Mzee anakuambia hapa rusha, hapa kimbia, na taratibu unaanza kukisia atasema nini. Huo ni ufundishaji pia. Kama mtu angeniambia kwamba kwa ulinzi anachagua Madden ya mwaka ule, nisingebishana naye.

Tarehe 13 Desemba 2004 EA wakatangaza mkataba na NFL pamoja na chama cha wachezaji: miaka mitano, wao peke yao. Mwezi uliofuata wakasaini na ESPN pia, kwa miaka 15. Sega wakaiuza Visual Concepts kwa kampuni ya Take-Two, na ESPN NFL 2K5 ikawa ya mwisho. Mkataba wa NFL umekuwa ukiongezwa mpaka leo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mpira wetu wa miguu haukufungwa hivyo. Jibu ninaloliona liko kwenye idadi ya milango. Mpira wa miguu duniani hauna mwenye nyumba mmoja. Kuna ligi kadha wa kadha, kuna klabu zinazojiuzia zenyewe, kuna vyama vya taifa, kuna umoja wa wachezaji. Hata EA na fedha zao zote, Konami, wenye Winning Eleven, waliwahi kuwapokonya Juventus, na katika FIFA 20 ile timu ya Turin ikaitwa Piemonte Calcio. NFL ni nyumba yenye milango miwili tu: ligi inauza nembo za timu zote 32 kwa pamoja, na chama cha wachezaji kinauza majina. Ukinunua funguo mbili, hakuna mwingine anayeingia.

Waliofungiwa nje walijaribu. Mwaka 2007 Visual Concepts walitoa All-Pro Football 2K8, yenye timu za kubuni na zaidi ya nyota 200 waliostaafu, akina Jerry Rice, John Elway na Barry Sanders. Uwanjani ni tamu. Lakini haikuwa na namna ya kuiongoza timu msimu baada ya msimu, na mtoto wa Pittsburgh hakuikuta timu yake. Haikupata mrithi. Winning Eleven iliweza kuishi na Merseyside Red kwa sababu baadhi ya timu zake nyingine zilikuwa za kweli. Gemu ambayo haina timu hata moja ya kweli inaomba mapenzi makubwa mno.

Bei nayo ikarudi juu. Madden ya mwaka uliofuata iliuzwa tena dola 50. Wateja walifungua kesi mwaka 2008 wakidai mikataba ya namna hiyo iliua ushindani na kupandisha bei, na mwaka 2012 EA walikubali kuimaliza kwa dola milioni 27. Mkataba wa NFL haukuguswa. Madden ikabaki peke yake.

Je, Madden ya leo ni mbaya? Hapana. Sura zake ni nzuri kupita kiasi, na mpwa wangu anaicheza kwa ustadi unaonifurahisha kutazama. Malalamiko yangu ni ya mgeni. Ukiiwasha unakutana na kurasa juu ya kurasa, na iliyo mbele kabisa ni Ultimate Team, ambako unakusanya kadi za wachezaji na unaweza kuzinunua kwa fedha juu ya dola 70 ulizokwisha kulipa. Mtu wa saa mbili anatumia dakika 20 kutafuta mahali pa kucheza mechi. Naamini kabisa kwamba kama ng'ambo ya pili kungekuwa na mshindani wa dola 20 anayemkaribisha mgeni mlangoni, mlango huu nao ungefagiliwa.

Mshindani wa karibu zaidi wa Madden sasa anatoka nyumba ile ile. EA Sports College Football 25, ya Julai 2024, ilirudisha gemu za vyuo baada ya miaka 11. Zilikuwa zimekoma kwa sababu ya kesi kuhusu wanafunzi ambao sura zao zilitumika bila malipo. Safari hii kila mchezaji aliyekubali kuwekwa ndani alipewa dola 600 na nakala ya gemu. Hii naipenda. Ukicheza ugenini kelele za uwanja zinatikisa skrini, na mistari inayoonyesha wapokeaji wako watakimbilia wapi inachorekachoreka, kwa hiyo kijana mgeni anapotea kweli. Hapa Columbus, ambako uwanja wa Ohio State hubeba watu zaidi ya 100,000, jambo hilo si la kubuni hata kidogo. Siku za mechi nausikia mji wote.

Na kwenye basi la kwenda kazini nacheza Retro Bowl. Ilitoka mwaka 2020, imechorwa kwa vidoti vikubwa kama gemu za zamani, inaingia kwenye simu ya kawaida na kuianza ni bure. Unavuta kidole nyuma, mstari unaonyesha mpira utakakoangukia, unaachia. Ulinzi huuchezi kabisa, unasomewa tu kilichotokea. Mechi moja inaisha kabla sijafika kituo changu. Kama uko Nakuru au Dodoma na hujawahi kuugusa mchezo huu, usinunue mashine. Anza na hii.

Jumamosi iliyopita nilibeba PlayStation 2 hadi kwa dada. Mpwa wangu alichukua Philadelphia Eagles, kwa ajili ya Terrell Owens aliye kwenye jalada. Mimi siku zote huchukua Indianapolis Colts. Ni timu iliyomsajili Daniel Adongo mwaka 2013, mchezaji wa raga wa Kenya, na siku niliyosikia Mkenya amevaa jezi yao nilijihesabu wao. Katika 2K5 Adongo hayumo, yuko kwotabeki Peyton Manning, na Manning hakosei sana.

"Mjomba, mbona huyu hakimbii?" akalalamika robo ya kwanza, akimpeleka mkimbiaji pembeni kama alivyozoea.

"Subiri ukuta ukufungulie."

Akasubiri. Akapenya yadi 14. Mapumziko yalipofika, Berman akaonyesha penyo lile lile, na mtoto aliyekwisha kushika simu akaiweka chini.

Alinifunga 24 kwa 20. Baadaye akawasha mashine yake mpya, akaingia kwenye duka la gemu lililomo humo na kuandika jina la 2K5. Haimo, haijawahi kutolewa upya kwa mashine yoyote. Akaniuliza kama ninaweza kumwachia yangu hadi Jumamosi ijayo. Nikamwachia, nikamwonyesha jinsi ya kuukunja ule waya wenye gundi ili umeme usikatike.