Mikataba ya miezi sita itatumalizia watafiti
Mnashangaa kwamba vijana wanakimbia utafiti wa afya, angalieni kwanza mikataba yetu sisi tunaofanya kazi kwenye miradi hiyo jamani. Miezi sita, ukibahatika mwaka, mradi ukiisha na wewe umeisha, hata kama ni wewe uliyezunguka vijijini kupima watoto malaria mpaka kina mama wanakuita kwa jina. Januari 2025 Marekani ilivyosimamisha misaada kuna wenzangu waliambiwa kwa meseji tu wasije kesho. Nchi za Afrika zilishakubaliana 1% ya pato la taifa iende kwenye utafiti, iko wapi?? Wekeni ajira za kudumu hata kwa makarani wa data na watu wa maabara, sio maprofesa tu, mtu ana uzoefu wa miaka kumi bado anaitwa kibarua