JavaScript kwenye seva: faida iko kwenye kusubiri, hasara iko kwenye mazoea

Wanaotetea kutumia JavaScript, lugha ya programu iliyozaliwa kwenye kivinjari, kwenye seva (kompyuta inayojibu maombi ya watumiaji) huanza karibu kila mara na hoja ya lugha moja: anayeandika kurasa za kivinjari aandike na seva, kampuni iajiri watu wachache. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote. Kazi ngumu ya seva ni kupanga hifadhidata, kulinda fedha za watu, kuzuia maombi mawili yasiguse salio moja kwa wakati mmoja, na kujua la kufanya mtandao unapokatika katikati ya malipo. Anayejua kupamba kitufe kwa JavaScript bado hajafundishwa lolote katika hayo.

Hoja yenye uzito ni nyingine. Brendan Eich alibuni JavaScript mwaka 1995 akiwa Netscape, na muda mfupi baadaye kampuni hiyo hiyo ikaiweka kwenye programu zake za seva. Haikushika wakati huo. Mambo yaligeuka baada ya Google kutoa kivinjari cha Chrome mwaka 2008 pamoja na injini yake ya V8, inayogeuza JavaScript kuwa msimbo wa mashine. Mwaka 2009 Ryan Dahl akaichukua injini hiyo, akaiunganisha na mfumo wa kusoma na kuandika usiozuia (usiosimamisha kazi nyingine wakati wa kungoja), akauita mchanganyiko huo Node.js, kwa kifupi Node. Kivinjari kilikuwa kimeizoesha lugha hii kungoja matukio bila kusimamisha kazi nyingine: mtu abofye, picha ifike, saa iite. Seva nayo hungoja hivyo hivyo: jibu la hifadhidata, jibu la benki, jibu la mtandao wa simu.

Tupige hesabu. PHP-FPM, njia ya kuendesha lugha ya PHP kwenye seva, huushikilia mchakato mmoja (nakala moja ya programu inayokimbia) kwa kila ombi linaloshughulikiwa. Ukiweka pm.max_children = 20 (idadi ya juu ya michakato), na kila ombi likisubiri sekunde 3 jibu la mfumo wa malipo, seva haiwezi kuvuka maombi 7 kwa sekunde, ingawa kichakataji kimelala. Mtu wa 21 anapanga foleni. Node kwenye mashine ile ile inaweza kushikilia maelfu ya maombi yanayosubiri, kwa sababu kila moja linachukua kumbukumbu kidogo tu na kurudi kwenye mzunguko wa matukio (kitanzi kinachochukua kazi zilizo tayari moja moja) jibu linapofika. Kwa gumzo la papo kwa papo, kufuatilia magari, au lango linalokusanya majibu ya mifumo mitano na kuyatoa kama jibu moja, faida hii ni kubwa na haina mjadala. PayPal walieleza mwaka 2013 kwamba ukurasa mmoja walioujenga kwa Java na kwa Node ulihudumia maombi maradufu kwa sekunde upande wa Node, na wastani wa muda wa jibu ukapungua kwa 35%. Kazi yenyewe ilikuwa kuita huduma nyingine na kusubiri. Asiyekuwa na kazi ya aina hiyo asitarajie takwimu hizo.

Geuza sasa kazi iwe ya kuhesabu. JavaScript yako yote inapita kwenye uzi mmoja, yaani mfululizo mmoja wa hatua, moja baada ya nyingine. Ombi likila milisekunde 20 za kichakataji, mchakato mmoja hauwezi kuhudumia zaidi ya maombi 50 kwa sekunde, na ripoti inayochukua sekunde 2 kutengenezwa inawasimamisha watu wote kwa sekunde 2, hata yule anayeomba nembo tu. Wengi hudhani neno async, linalotumika kuandika kazi za kungoja, linaondoa tatizo hili. Haliondoi: linasaidia kusubiri, halisaidii kuhesabu. JSON.parse (amri ya kugeuza maandishi kuwa data) ya faili kubwa huzuia. Hata ruwaza ya kukagua maandishi (regex) inaweza kuzuia: jaribu ^(a+)+$ dhidi ya herufi a 30 zikifuatiwa na alama ya mshangao, na utaona hatua zikikaribia kuongezeka maradufu kwa kila herufi unayoongeza. Mshambuliaji akiipata ruwaza ya namna hiyo kwenye fomu yako, ombi moja linatosha kuiangusha huduma.

Pana mtego mwingine usioonekana kwa urahisi. Kusoma faili, dns.lookup (kutafuta anwani ya jina la tovuti) na kuficha nywila kwa mbinu za scrypt, pbkdf2 au bcrypt hupelekwa kwenye kundi la nyuzi 4 zilizo nyuma ya Node. Kuficha nywila moja kukichukua milisekunde 100, hutavuka watu 40 wanaoingia kwa sekunde, na wakati huo usomaji wa faili nao unakwama nyuma yao. Ndipo unapoona kurasa zisizohusiana kabisa na kuingia zikizubaa kila Jumatatu asubuhi. Dawa ya kwanza ni kuongeza UV_THREADPOOL_SIZE (idadi ya nyuzi hizo) kabla ya kuwasha mchakato, ukizingatia idadi ya viini vya kichakataji ulivyonavyo.

Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yetu, ni mazoea yanayohama na mtu kutoka kwenye kivinjari. Kwenye kivinjari kuna mtumiaji mmoja, kwa hiyo kuweka let mtumiaji (kutangaza kigezo kiitwacho mtumiaji) juu kabisa ya faili hakuna madhara. Kwenye seva faili hiyo inahudumia watu wote: Asha anaingia, ombi lake linasubiri hifadhidata, Juma anaingia na kuandika juu ya jina lile lile, kisha Asha anaonyeshwa salio la Juma. Kosa hili halionekani ukijaribu peke yako. Hujitokeza siku ya kwanza yenye watu wengi. PHP, kwa jinsi inavyotumika kwa kawaida, huanza upya kwa kila ombi na kumkinga mwandishi asiye makini. Kwenye kivinjari, tena, ukurasa unafungwa na kumbukumbu inaachiliwa. Mchakato wa seva unakaa wiki nzima, na orodha inayoongezwa bila kupunguzwa itaujaza hadi uanguke. Na ukianguka, wote waliokuwa wameunganishwa wanakatwa. Tangu toleo la 15 la Node, ahadi (Promise, yaani kazi inayongojewa) iliyokataliwa, yaani iliyoshindwa, bila kushughulikiwa huangusha mchakato mzima. Kwa hiyo systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) yenye Restart=always, inayouwasha upya mchakato ulioanguka, si anasa.

Fedha zinahitaji tahadhari ya pekee. Nambari ya kawaida ya JavaScript ni sahihi kwa namba kamili hadi 9007199254740991 tu. Twitter walilazimika kutoa namba za utambulisho wa machapisho kama maandishi pia, kwa sababu zilikuwa zinaharibika zikisomwa na JavaScript. Karibu na nyumbani zaidi: hifadhidata ya PostgreSQL hurudisha SUM (jumla) ya safu ya integer (namba kamili) kama bigint (namba kamili kubwa), na pg, kiunganishi cha Node na hifadhidata hiyo, hukupa bigint kama maandishi. Jumla ya shilingi "150000" ukiijumlisha na ada ya 500 inakuwa "150000500", wala hakuna onyo. Fanya hesabu ndani ya SQL (lugha ya hifadhidata), au igeuze jumla hiyo kwa BigInt (aina ya JavaScript ya namba kamili kubwa) kabla ya kuigusa. TypeScript (JavaScript inayokagua aina za data kabla ya programu kukimbia) husaidia, ila haikagui kitu kinachofika kutoka nje wakati programu inakimbia.

Kuhusu vifurushi vya npm (ghala la msimbo wa JavaScript ulioandikwa na wengine), tatizo si wingi wake peke yake. Kivinjari huifungia JavaScript isifikie faili zako. Node kwa kawaida haifungii. Kifurushi chochote ulichosakinisha, hata kile kilichokuja nyuma ya kingine, kinaweza kusoma nywila ya hifadhidata kwenye mazingira ya mchakato. Mwaka 2018 kifurushi cha event-stream kiliongezewa msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali baada ya kukabidhiwa msimamizi mpya, na Septemba 2025 vifurushi vya chalk na debug vilichafuliwa baada ya msimamizi wake kulaghaiwa. Tumia npm ci ili kusakinisha matoleo yaliyomo kwenye package-lock.json (orodha ya matoleo uliyoyathibitisha) tu, ongeza --ignore-scripts (isiendeshe amri za vifurushi wakati wa kusakinisha) pale inapowezekana, na usichukue kifurushi kwa kazi ya mistari 10.

Duka lenye kurasa chache na fomu ya mawasiliano halihitaji lolote kati ya haya. PHP kwenye hosti ya pamoja (seva inayogawanywa na wateja wengi), ambayo wafanyabiashara wengi wa Tanzania na Kenya tayari wanailipia, inatosha, na faili ikipakiwa kazi imekwisha. Node inataka mchakato unaokaa macho, kwa kawaida Nginx (programu ya kupokea maombi) mbele yake, na mtu wa kuiangalia. Ukiwa na mfumo unaosubiri sana na kuhesabu kidogo, ichague bila woga. Ripoti na PDF zipeleke kwenye foleni, zishughulikiwe na mchakato mwingine, hata kama umeandikwa kwa Go au Python. Mpaka wa kazi hizo mbili unapimika: washa monitorEventLoopDelay, kipimo cha ucheleweshaji wa mzunguko wa matukio kilichomo kwenye moduli ya perf_hooks ya Node, soma percentile(99) (thamani ambayo 99% ya vipimo haviizidi), gawanya kwa milioni moja kwa sababu inarudisha nanosekunde. Ikizidi milisekunde 100 wakati wa msongamano, kuna hesabu inayopaswa kuhamishwa kutoka kwenye uzi huo.